Akiba Haiozi, Lakini Je, Inasomeka?
Kurejesha kumbukumbu kutoka kwenye kanda za kompyuta



Bajeti ya ofisi inapojadiliwa, kifungu cha kanda za kompyuta huwa hakikosi maswali. Wajumbe huuliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini fedha ambazo zingenunua saruji au madawati zitumike kununua kanda zinazofungiwa kabatini. Katika makala hii tunaeleza kanda hizo ni za nini, jinsi kumbukumbu zinavyorejeshwa kutoka kwenye kanda, na maswali ambayo kamati inapaswa kuuliza ili ijue kama fedha zake zinafanya kazi.

KITU KINACHOLINDWA

Katika seva ya ofisi yoyote ya maendeleo kuna leja za fedha, orodha ya wanafunzi wanaolipiwa ada, mikataba ya visima na majengo, barua na ripoti za miaka mingi. Vitu hivi vyote hukaa ndani ya diski ambayo inaweza kuharibika kwa hitilafu ya umeme, kwa joto au kwa kuchakaa tu. Kompyuta inaweza kuibiwa. Mfanyakazi aliyechoka anaweza kufuta folda isiyo yake. Aidha, siku hizi kuna programu za utekaji, ambazo hufunga mafaili yote kwa ufunguo wa siri, kisha wahalifu hudai fidia.

Kumbukumbu zikipotea, anayeumia kwanza si kompyuta. Ni mwanafunzi ambaye jina lake halionekani tena kwenye orodha ya ada wakati muhula unaanza. Ni kamati inayodaiwa maelezo ya fedha na mkaguzi huku haina vitabu vya kuonyesha.

Wengi husema: "Si tunanakili kwenye diski nyingine?" Ni jambo jema, lakini diski iliyounganishwa kwenye mtandao huo huo huweza kupatwa na balaa lile lile. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Google ilikuta kwamba hitilafu ya programu mpya imefuta barua-pepe za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa, lakini hitilafu ilizigusa nakala hizo pia. Barua zilirejeshwa kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda hazikuwa zimeunganishwa na mtandao. Kanda iliyotolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini haifikiwi na kirusi wala na kidole cha mtu.

KANDA NI KITU CHA NAMNA GANI?

Kanda zinazotumika zaidi leo ni za aina ya LTO. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka 2000, na kanda moja ilibeba gigabaiti 100. Kanda ya kizazi cha 9, kilichotoka mwaka 2021, hubeba gigabaiti 18,000. Ndani ya kasha lake dogo mna utepe wa sumaku wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja.

Anayekumbuka kaseti za muziki ataelewa mara moja jinsi kanda inavyofanya kazi. Ukitaka wimbo wa saba huwezi kuurukia. Ni lazima uzungushe kaseti mpaka uufikie. Kanda ya kompyuta ni hivyo hivyo. Nakala hupangwa moja baada ya nyingine, na kati ya nakala na nakala kuna alama inayoiambia mashine kwamba faili moja limeisha na jingine linaanza.

Kila nakala huitwa taswira, yaani folda nzima au diski nzima iliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja. Kuna taswira kamili, inayoitwa ngazi ya 0. Kuna pia taswira ya ngazi ya 1, ambayo hubeba tu yale yaliyobadilika tangu ngazi ya 0 ilipochukuliwa. Utaratibu huu huokoa nafasi, lakini una sharti: anayerejesha aanze na ngazi ya 0, kisha afuatishe ngazi zinazofuata. Ngazi ya 1 peke yake haitoshi.

KUREJESHA, HATUA KWA HATUA

Zipo programu nyingi za kazi hii. Hapa tunatumia mfano wa Amanda, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chombo chake cha kutoa taswira kwenye kanda kinaitwa amrestore. Hakina madirisha wala vitufe. Mtu huandika amri kwa herufi. Hili lisiwatishe. Amri zilizoandikwa zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, na mtu mwingine akazifuata hata kama fundi wa kawaida yuko safarini.

Tuseme folda ya /home ya kompyuta iitwayo seva1 imefutika, na mpangilio wetu wa Amanda unaitwa kilasiku.

1. Tafuta kanda. Amri hii huonyesha tarehe za nakala, ngazi zake, lebo ya kanda na namba ya faili ndani ya kanda:

amadmin kilasiku find seva1 /home

Tuseme jibu ni kanda yenye lebo KILASIKU-04, faili namba 7, ngazi ya 0.

2. Linda kanda. Kasha la LTO lina kitufe kidogo cha kuzuia kuandika. Kisukume kabla ya kuingiza kanda, ili kosa lolote lisiandike juu ya nakala unayoitegemea.

3. Ifikishe kanda mahali pake. Irudishe mwanzo, kisha uruke mbele mafaili saba:

mt -f /dev/nst0 rewind
mt -f /dev/nst0 fsf 7

Hesabu ni sawa, kwa kuwa faili la kwanza kabisa, namba 0, ni la lebo. Angalieni pia herufi n katika nst0. Kifaa ni kile kile kiitwacho st0, lakini kikiitwa kwa jina la st0 kanda hujirudisha mwanzo kila amri inapomalizika, na kazi yako ya kuruka mbele inapotea.

4. Soma kabla ya kutoa. Amri hii huorodhesha yaliyomo bila kuandika chochote kwenye diski:

amrestore -p /dev/nst0 seva1 /home | tar -tvf -

Alama ya -p huitaka amrestore ipitishe taswira moja kwa moja kwa programu inayofuata, ambayo hapa ni tar. Kama nakala ilibanwa ili kupunguza ukubwa, amrestore huifungua yenyewe. Orodha ikifika mwisho bila ujumbe wa kosa, taswira inasomeka.

5. Toa mafaili kwenye folda tupu. Kanda imeshasogea wakati wa kusoma, kwa hiyo rudia hatua ya 3. Kisha ingia kwenye folda mpya, tupu, yenye nafasi ya kutosha, na uandike:

amrestore -p /dev/nst0 seva1 /home | tar -xpGf -

Tunasisitiza neno tupu. Alama ya G huifanya tar ishughulikie nakala za ngazi, na katika kufanya hivyo hufuta mafaili ambayo hayakuwepo nakala ilipochukuliwa. Ukitoa nakala juu ya folda inayotumika, unaweza kupoteza kazi ya wiki nzima iliyokuwa salama.

6. Endelea na ngazi ya 1, kama ipo, kwa kurudia hatua zile zile katika folda hiyo hiyo. Hapo folda haiwi tupu tena, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ngazi ya 1 hujengwa juu ya ngazi ya 0.

7. Mwite mwenye kazi yake. Fundi anaweza kusema mafaili yamerudi, lakini mhasibu ndiye anayejua kama leja ni ile yenyewe. Aifungue, alinganishe salio na karatasi iliyochapishwa, na aseme ndiyo au hapana. Baada ya hapo ndipo mafaili yahamishiwe mahali pake.

Taswira kubwa huweza kugawanywa vipande, au kuvuka kutoka kanda moja hadi nyingine. Hapo hutumika chombo kingine cha Amanda kiitwacho amfetchdump, ambacho huunganisha vipande kwa mpangilio wake.

IKIWA PROGRAMU YENYEWE HAIPO

Swali la busara ni hili: moto ukiunguza ofisi pamoja na seva yenye Amanda, kanda iliyokuwa imehifadhiwa mahali pengine itafaa nini? Waliotengeneza programu hii walilifikiria jambo hilo. Mbele ya kila taswira huwekwa maandishi ya kawaida yanayosomeka na binadamu. Kwa kompyuta yoyote ya Linux yenye mashine ya kusomea kanda, ukishairudisha kanda mwanzo na kuruka hadi faili linalotakiwa, andika:

dd if=/dev/nst0 bs=32k count=1

Kwenye kioo litatokea jina la kompyuta, folda, tarehe na ngazi, pamoja na amri unayopaswa kuandika ili kuifungua taswira hiyo bila Amanda. Ni kama mzigo wenye maelekezo yaliyobandikwa juu yake. Ukishayanakili, irudishe kanda kwenye mwanzo wa faili lile lile, kisha ufuate amri uliyopewa.

NAKALA ISIYOJARIBIWA

Waswahili husema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vizuri ni kweli. Nakala ya kompyuta, kwa upande wake, inaweza kuwa imeharibika kwa miezi mingi bila mtu kujua, kwa sababu hakuna anayeigusa.

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, akishughulikia tatizo usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia waligundua kwamba nakala za kila siku zilikuwa zinashindwa kuandikwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua-pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo ilichukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya tukio, kwa sababu nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ilipotea. Hiyo ni kampuni ya wataalamu wa kompyuta. Ofisi yenye fundi mmoja haina sababu ya kujiona salama zaidi.

Kwa hiyo gharama ya kanda haiishii kwenye kununua. Ni lazima iwe na siku ya kujaribu kurejesha.

MASWALI YA KAMATI

Hamhitaji kuwa mafundi ili kusimamia jambo hili. Tunawaomba wajumbe waulize yafuatayo angalau mara mbili kwa mwaka, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao:

• Ni lini mara ya mwisho faili halisi lilirejeshwa kutoka kwenye kanda, na nani alilikagua?

• Je, watu wawili au zaidi wanaweza kurejesha, au ni mmoja tu?

• Je, kuna kanda zinazohifadhiwa nje ya jengo la ofisi, mahali pakavu pasipo joto kali wala vumbi?

• Je, orodha ya kanda, pamoja na lebo na tarehe zake, imechapishwa na kuwekwa mahali mbali na seva?

• Je, mashine iliyopo inasoma kanda za zamani? Mashine za LTO hadi kizazi cha 7 husoma kanda za vizazi viwili vya nyuma, lakini za kizazi cha 8 na cha 9 hurudi nyuma kizazi kimoja tu. Anayenunua mashine mpya bila kuuliza anaweza kubaki na kabati la kanda zisizosomeka.

• Je, kanda zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo umehifadhiwa mahali tofauti na kanda?

Swali la mwisho lina uzito wa kisheria. Kanda moja hubeba majina, hali za afya na hali za kifedha za watu wengi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Kanda iliyopotea barabarani bila kufungwa ni siri za watu zilizotawanywa. Hata hivyo, kanda iliyofungwa ikikosa ufunguo wake ni sawa na kanda tupu. Yote mawili yaangaliwe.

Kwa wafadhili, tunawaomba msiuone muda wa majaribio kama matumizi ya pembeni. Nusu siku ambayo fundi na mhasibu hukaa pamoja kurejesha leja ya mwaka uliopita ndiyo inayothibitisha kwamba ripoti mnazozisoma zina vitabu nyuma yake. Kwa kamati, kikao kijacho kichague faili moja, fundi alirejeshe kutoka kwenye kanda, na mhasibu alete karatasi yake mezani.