Mashine ya Presha Iliyonunuliwa Kariakoo: Je, Inasema Kweli?

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye duka lake liko mitaa michache kutoka soko kuu la Kariakoo, alifika kliniki yetu asubuhi moja akiwa na kiboksi ndani ya kikapu. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamwuliza habari za dawa alikuwa amekwisha kukiweka kiboksi hicho mezani pamoja na daftari la shule. Humo daftarini, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuweka hesabu za duka, aliandika vipimo vya siku kumi na sita: 119/77, 121/78, 118/76, 122/79, na kuendelea hivyo hivyo hadi ukurasa wa pili.

“Nimepona, mwanangu,” alisema. “Dawa zako nimeziacha, hii ni wiki ya pili.”

Muuguzi alimpima kwa mashine yetu ya mkono, ile yenye mshale, akapata 172/104. Tulirudia baada ya dakika chache na tofauti ilikuwa ndogo. Nilimweleza kwa upole kwamba mashine yake mpya ina kasoro. Hakukasirika. Aliitazama mashine yetu, akautazama ukuta, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: “Mizani yangu ya dukani kila mwaka Wakala wa Vipimo wanaikagua na kuibandika stika. Hii yenu ina stika ya nani?”

Haikuwa nayo. Tulipoichunguza tukakuta kwamba mshale, hata mkanda ukiwa hauna hewa kabisa, haukukaa kwenye sifuri bali karibu na 6. Ilibidi tuazime mashine ya tatu, iliyohakikiwa, kutoka chumba kingine. Wastani wa vipimo vyake ulikuwa 164/98. Yetu ilikuwa imezidisha kidogo. Ya kwake ilikuwa imepunguza zaidi ya milimita 40 za zebaki.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu makala nyingi za afya humwonya mgonjwa dhidi ya bidhaa za mitaani, zikamwacha mtoa huduma akijiona yuko salama. Tatizo la kipimo lina pande mbili, na mama yule aliziona zote kabla yangu.

Wanaopima shinikizo la damu nyumbani hawafanyi kosa. Tunawahimiza wafanye hivyo. Uchunguzi uliofanyika Ilala katika miaka ya 1990, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba watu wazima wapatao watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu. Miongoni mwao, asiyefika mmoja katika watano alijua kwamba anaumwa, na asiyefika mmoja katika mia alikuwa amelidhibiti. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wengi walijua hali yao siku kiharusi kilipowaangusha. Mashine ndogo ya betri inayopatikana Kariakoo kwa bei ambayo muuza duka anaimudu ni neema, ilimradi iseme kweli.

Ili kuelewa kwa nini nyingine hazisemi kweli, ni vyema tujue zinavyofanya kazi. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Miaka tisa baadaye Nikolai Korotkoff wa Urusi alieleza sauti zinazosikika kwa stetoskopu hewa inapopungua mkandani, na hadi leo muuguzi mwenye mashine ya mkono anazisikiliza sauti hizo hizo. Mashine ya betri haisikilizi chochote. Inahisi mitetemo midogo ya mshipa ndani ya hewa ya mkanda, kisha inakadiria namba ya juu na namba ya chini kwa kanuni ya hesabu aliyoiweka mtengenezaji. Kanuni hiyo ni siri yake. Kwa hiyo kioo kinachong’aa, sauti inayokusomea namba na kumbukumbu ya vipimo 99 haviwezi kukuambia lolote kuhusu ubora wa hesabu iliyomo ndani.

Njia ya kujua ni kuipima mashine yenyewe kwa watu. Kiwango cha kimataifa kinataka kila aina mpya ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, sambamba na wapimaji waliofunzwa. Wastani wa tofauti usizidi milimita 5, na mtawanyiko wa makosa usizidi 8. Aina nyingi zinazouzwa duniani hazijawahi kupita katika jaribio hilo. Zilizopita zimeorodheshwa hadharani na jopo la wataalamu liitwalo STRIDE BP, na mtu mwenye simu anaweza kuitafuta aina anayotaka kununua akiwa bado amesimama mbele ya kaunta.

Kuna kosa na kosa. Vijana waliowahi kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo wataelewa haraka. Bunduki mpya ikipeleka risasi zote mahali pamoja, lakini upande wa kushoto wa shabaha, mwenye nayo hurekebisha kilengeo na mambo yakaisha. Risasi zikitawanyika huku na huko ilhali mkono umetulia, hakuna marekebisho yatakayosaidia, na bunduki hiyo irudi dukani. Mashine ya presha nayo inaweza kukosea kwa kiasi kile kile kila mara, au ikatawanya. Ya yule mama ilikuwa ya aina ya tatu. Tuliifunga kwenye mkono wangu, wa muuguzi, kisha wa mlinzi wa getini ambaye namjua kuwa ana presha ya siku nyingi. Sote watatu tulisomeka karibu na 120/78. Ilikuwa kama bunduki inayotoboa shabaha kila mara, hata ukilenga ukuta.

Kosa la namna hiyo ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu linapendeza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuijaribu programu ya simu iitwayo Instant Blood Pressure, iliyodai kupima shinikizo kwa kidole na kamera. Karibu watu wanne katika kila watano waliokuwa na shinikizo la juu waliambiwa na programu hiyo kwamba wako vizuri. Hata hivyo ilikuwa imeuzwa kwa maelfu na kusifiwa na wanunuzi. Nani atalalamika anapopewa habari njema? Kipimo kinachotisha bila sababu humleta mtu hospitali, na huko hugundulika. Kinachobembeleza humweka nyumbani.

Kosa la kutisha nalo lipo, na mara nyingi mashine haina hatia. Kijana mmoja mchukuzi wa mizigo, mwenye mikono iliyojaa kwa kazi ya miaka, alikuja na hofu: mashine aliyoazimwa ilimpa 152 mara tatu. Mkanda wake ulikuwa umeandikwa pembeni sentimita 22 hadi 32, na mkono wake, tulipoupima kwa utepe wa fundi cherehani, ulikuwa 37. Kwa mkanda mkubwa alipata 134. Utafiti mwingine wa Johns Hopkins, wa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa kuliko yote akifungwa wa kawaida, namba ya juu huongezeka kwa takribani milimita 20. Hiyo yatosha kumwanzishia mtu dawa za maisha asizozihitaji. Naomba wauguzi wenzangu wakiri nami: ni vyumba vingapi vya kupimia katika vituo vyetu vina mkanda wa saizi zaidi ya moja?

Mkao pia huharibu kipimo kizuri. Mkono ukining’inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba hupanda kwa milimita 7 au 8. Kuongea, kukunja nne, kibofu kilichojaa, na kupima mara tu baada ya kupanda ngazi za ghorofa ya nne ya jengo la maduka, vyote hupandisha. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Vipimo vya siku ya kwanza viache. Wastani wa siku zilizobaki ukifika 135/85 au zaidi, hilo ni shinikizo la juu kwa kipimo cha nyumbani, ingawa kliniki mpaka wetu ni 140/90. Mashine za kufunga kifundoni mwa mkono sizipendekezi kwa mtu anayeweza kutumia ya mkono wa juu. Mjamzito na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wasitegemee mashine yoyote ya nyumbani bila ushauri, kwa kuwa nyingi hazikujaribiwa kwa watu wa hali zao, na kwa mjamzito kosa dogo linaweza kuficha dalili ya kifafa cha mimba.

Aliyekwisha kununua asiitupe mashine yake, bali aje nayo kliniki. Tutapima mkono ule ule, kwa zamu, ya kwake na yetu, mara mbili au tatu kila moja. Kupima mkono wa kulia kwa mashine moja na wa kushoto kwa nyingine hakuthibitishi kitu, maana mikono yenyewe huweza kutofautiana. Wastani ukipishana kwa milimita 5 au pungufu, aende nayo nyumbani kwa amani. Ukipishana kwa zaidi ya 10, asiitegemee tena. Katikati ya hapo, turudie siku nyingine. Kazi hii inachukua robo saa, na najua foleni zetu zilivyo. Lakini robo saa hiyo ni nafuu kuliko kitanda cha mgonjwa wa kiharusi.

Dukani, omba risiti yenye jina la kifaa, na ujaribu mashine kabla ya kulipa. Usajili na usimamizi wa vifaa tiba uko mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyobadilishwa jina kutoka TFDA mwaka 2019, na taarifa za vifaa vyenye kasoro hupelekwa huko. Mama yetu alirudi kwa muuzaji wake akaonyeshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti hakuwa nayo. Mashine ile aliniachia mimi, na taarifa tukaiandika pamoja, yeye akitamka namba zilizo chini ya kiboksi, mimi nikiandika.

Alianza upya amlodipini siku hiyo hiyo. Aliporudi baada ya mwezi, mashine yetu ya mshale ilikuwa imetoka kwa fundi. Nilimwandalia kiti, akaketi dakika zake tano bila kusema neno. Nilipoushika mkanda aliniinulia kidole nisubiri, akainama, akautazama mshale. Ulikuwa kwenye sifuri. Ndipo akaunyoosha mkono.