Mfupa Nao Unahisi



Wapenzi wanafunzi na wazazi, mwanafunzi wetu mmoja alivunjika mkono akakaa wiki sita na hogo. Lilipofunguliwa, mkono ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake na watoto wakamcheka. Nyama ilipungua, hilo kila mtu aliliona. Lisiloonekana ni kwamba na mfupa wenyewe hupungua ukikaa bila kazi.

Wengi wetu tunauona mfupa kama boriti ya mkoko: ikishawekwa imewekwa, haibadiliki ila iliwe na mchwa. Sivyo. Mfupa u hai. Zimo seli zinazobomoa mfupa mkongwe, na zimo zinazojenga mpya. Za tatu, osteosaiti, ndizo nyingi kuliko zote, kama asilimia 90 au zaidi. Kila moja imekaa katika kijishimo chake ndani ya mfupa mgumu, imenyoosha mikono myembamba mingi kupitia vijifereji hadi kwa jirani zake. Vijifereji hivyo vina majimaji. Tukikimbia au tukiruka, mfupa hupinda kidogo mno, jicho halioni, majimaji yakasukumwa na seli zikahisi. Subhanallah!

Osteosaiti hutoa protini iitwayo sklerostini, ambayo huzizuia seli zinazojenga. Mfupa ukipata mzigo, protini hiyo hupungua, na ujenzi huongezeka pale pale palipoelemewa. Ukikaa bure, huzidi, na ubomoaji ukashinda. Ndiyo maana wanaanga, ambao huko juu miili yao haielemei miguu, wasipofanya mazoezi hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ndugu yetu Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu alikaa angani kama miezi sita mwaka 2023. Kwa wakaao muda mrefu kama yeye, mazoezi ya kiasi cha saa mbili kwa siku ni sehemu ya kazi.

Je, ni lazima tujichoshe? Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon walichapisha majaribio yao juu ya mfupa wa bawa la jogoo. Bawa lisilopata mzigo lilipoteza mfupa. Lililoelemezwa mara 4 tu kwa siku halikupoteza. Mara 36, mfupa ukaongezeka. Na mara 1,800 hazikuzidi zile 36. Yaani seli hushiba, zikahitaji mapumziko ndipo zihisi tena. Tena mzigo uwe wa kwenda na kurudi, si wa kutulia tuli.

Hapa sisi walimu tukiri. Kwa miaka mingi tumewakalisha watoto kwenye jamvi tangu baada ya Adhuhuri hadi Alasiri, na anayerukaruka tukamtisha kwa bakora. Wasichana ndio tuliowabana zaidi, na wazazi wakatuunga mkono. Kumbe miaka ya kuelekea kubalehe na inayofuata ndiyo mfupa unapoweka akiba kubwa, na baada ya miaka 30 hivi akiba huanza kuliwa. Kwa mwanamke huliwa haraka hedhi inapokoma. Bibi anayevunjika nyonga kwa kuteleza ukumbini huenda hakuweka akiba ya kutosha utotoni.

(Wapo wasemao swala iliwekwa kwa ajili ya mazoezi. Hatusemi hivyo. Tunaswali kwa kuwa tumeamrishwa.)

Wazee wenye mifupa dhaifu wasiruke. Watembee, na wamuulize daktari. Watoto tumewapa robo saa kila siku kabla ya Alasiri. Kamba mbili zipo ofisini. Wavulana watatumia uwanja wa mbele, wasichana ua wa nyuma, ambao tumeuzungushia makuti ili wacheze rede na kamba kwa stara.