Yuka ya Jangwani na Nondo Wake



Allah (S.W.) ametuhimiza tutazame viumbe Vyake na tuzingatie. Safari hii tunautazama mti wa mbali: yuka ya jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani. Watu wa huko huuita mti wa Joshua. Yasimuliwa kwamba wahamiaji wa karne ya 19 waliona matawi yake kama mikono iliyoinuliwa, wakamkumbuka Joshua, ambaye sisi twamjua kuwa ni Yusha' bin Nun (A.S.).

Tusiichanganye yuka na muhogo, ambao kwa Kihispania huitwa yuca. Yuka ni ya ukoo mmoja na mkonge.

UMBO LAKE
Urefu wake ni kiasi cha mita 5 hadi 12. Majani ni magumu, yenye ncha kali kama sindano. Yakikauka hayaanguki upesi, bali hulala juu ya shina na kulifunika. Mti hukua sentimita chache tu kwa mwaka.

UNAPOOTA
Huota kwenye nyanda zenye kimo cha mita 400 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba, kiangazi jua ni kali, na usiku wa kipupwe maji huganda. Hata baridi hiyo ina manufaa, kwani husaidia mti kutoa maua.

NONDO
Hapa ndipo penye mazingatio. Maua yake meupe hayapati mbegu bila ya nondo mmoja mdogo. Nondo jike hukusanya chavua kwa vikono vilivyo mdomoni mwake, wala haili. Huipeleka kwenye ua jingine, hutaga mayai ndani ya ua hilo, kisha huipaka chavua mahali pake hasa. Viwavi wake hula sehemu ya mbegu, na zinazobaki huotesha miti mipya. Nondo akikosekana, mti haupati mbegu. Mti ukikosekana, nondo hana pa kulea watoto wake.

HATARI
Agosti 2020, moto ulioanzishwa na radi mahali paitwapo Cima Dome uliunguza miti inayokisiwa kufikia milioni 1.3, ya aina ya mashariki ya yuka hii. Nyasi za kigeni zilizoenea jangwani huusaidia moto kusambaa. Mti unaokua polepole namna hii haurudi kwa mwaka mmoja wala kumi.

MAFUNZO
Tusidharau kiumbe kwa udogo wake. Mwanafunzi akimwona nyuki juu ya ua la boga shambani kwa mama yake, asimponde. Huenda mdudu huyo ndiye sababu ya boga la kesho. Dunia ni amana, nasi tutaulizwa.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.