Kurejea Chuo cha Awali kwa Masomo ya Uzamili

Kila baada ya mahafali, wanachama wetu wanaohitimu shahada ya kwanza hapa Machakos hukabiliwa na swali lile lile: uzamili wausomee hapa hapa au wahamie kwingine? Wengi hulijibu kwa kupiga hesabu ya nauli na kodi ya nyumba. Sababu hiyo si ya kudharauliwa. Gharama za uzamili aghalabu humwelemea mwanafunzi mwenyewe, na anayefundisha shule ya upili huko Kathiani au Mwala hawezi kufika Nairobi kila jioni bila kazi yake kuathirika. Makala haya hayakusudii kumlaumu mtu huyo, bali kumulika yale ambayo nauli haiyapimi.

Kwetu Ukambani, kwa mila, kijana hatafuti mchumba ndani ya ukoo wake. Wanataaluma wa nchi kadhaa wana mwiko unaokaribiana na huo. Huko Ujerumani, ni desturi ya muda mrefu kwamba msomi hapandishwi kuwa profesa katika chuo chake mwenyewe kabla ya kupitia kwingine. Nchini Marekani, idara nyingi huwashauri wanafunzi wao wakasomee uzamivu mahali pengine. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi akifunzwa na watu wale wale tangu mwanzo hadi mwisho, hurithi maarifa yao pamoja na upofu wao. Katika fasihi jambo hili ni bayana: penye mazoea ya kuhakiki kila riwaya kwa nadharia moja, tasnifu huanza kufanana kama sare za shule.

Hata hivyo, kuhama si lazima kuwe kwenda mbali kifikra. Chuo Kikuu cha Machakos kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2011 hadi kilipopewa hati yake mwaka 2016. Anayetoka hapa kwenda Kenyatta akidhani amevuka bahari huenda akajikuta amevuka mto tu.

Mfano wa marehemu Euphrase Kezilahabi unatufaa. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akasomea uzamili papo hapo na kuandika tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert, aliyoikamilisha mwaka 1976. Kisha alikwenda Wisconsin, Marekani, akapata uzamivu mwaka 1985 kwa utafiti wa falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nagona na Mzingile, riwaya zilizowatatiza wasomaji wengi, zilitoka baada ya safari hiyo. Sidai kwamba Wisconsin ndiyo iliyoziandika. Ninachokiona ni kwamba kubaki Dar es Salaam hakukumdumaza: mada yake ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ya pili ilihitaji maktaba na mijadala mingine.

Kwa maoni yangu, basi, mada ndiyo iamue. Anayetaka kuchunguza nyimbo za kilumi, au athari za Kikamba katika Kiswahili cha wanafunzi wa Machakos, data yake iko mlangoni. Kuhamia mbali kutamrudisha huku huku kwa gharama zaidi. Anayetaka kusoma tenzi za kale katika hati za Kiarabu ana haja ya kuwa karibu na walimu wanaozisoma hati hizo, na hazina kubwa za miswada ziko Dar es Salaam na London.

Kisha kuna msimamizi. Faida ya kurejea ni kwamba unawajua wahadhiri: nani hurudisha sura kwa wakati, nani huzilalia. Hasara ni kwamba nao wanakujua, na baadhi yao wataendelea kukuona yule kijana wa mwaka wa kwanza aliyeogopa kuuliza swali. Isitoshe, siku utakapoomba uzamivu au kazi, barua zako zote za mapendekezo zitatoka katika idara moja.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, iwe hapa au kwingineko, iandikie idara ukiuliza nani atasimamia mada yako na ana wanafunzi wangapi kwa sasa. Omba jibu kwa maandishi.