Tambuu Isiyokolea

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Kizimkazi Dimbani, jioni, mkeka umetandikwa uani. Bibi anafungua kijaluba chake, anachagua jani la tambuu, analipaka chokaa, anaweka vipande vya popoo, analikunja na kumpa mjukuu ambaye hajawahi kulionja. Mjukuu anatafuna. Mate yanamjaa mdomoni, anatema mara mbili tatu, anangoja. Hatimaye anauliza: "Bibi, mbona sioni kitu?" Bibi anamjibu: "Haijakolea, mjukuu wangu. Zidisha chokaa kidogo."

Jibu la bibi lina elimu ndani yake, na lina hatari ndani yake. Kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji subira, kwa kuwa swali la mjukuu si moja. Anauliza kwa nini hasikii kitu, na wakati huohuo, bila kujua, anauliza kama kisichosikika kina madhara. Watu wengi hujibu swali la kwanza wakadhani wamelijibu na la pili.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Tambuu ni jani la mtambuu, mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Popoo ni kokwa ya mpopoo, mti mwembamba mrefu wa jamii moja na mnazi. Chokaa ni ile laini iliyolainishwa kwa maji. Wengine hutia katu, wengine iliki au karafuu, na wengi hutia tumbaku. Vitu hivyo kwa jumla, vikiwa tayari kutafunwa, wazee waliviita uraibu. Leo neno hilohilo tunalisikia redioni kwa maana nyingine: hali ya mtu kutawaliwa na kitu hata asiweze kukiacha. Kamusi zina maana zote mbili, na nitazihitaji zote mbili kabla ya kumaliza.

Desturi yenyewe ni ya kale katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, mgeni wa heshima alipokewa kwa sahani ya tambuu na popoo, na yeye mwenyewe alipewa majani kumi na popoo kidogo. Jambo la kuangalia ni kwamba alipewa kwa heshima, kama sisi tunavyotoa kahawa. Kitu kinachoingia nyumbani kwa mlango wa heshima hakichunguzwi sana, na sioni ajabu kwamba wajukuu wa leo hukipokea mkononi mwa bibi bila kuuliza kina nini.

Mtambuu una ndugu zake. Mmoja tunamjua vizuri, mpilipili manga wa mashamba ya viungo ya Kizimbani. Mwingine yuko mbali sana, katika visiwa vya Pasifiki kama Fiji, Tonga na Vanuatu, naye huitwa kava. Mimea hiyo mitatu ni ya jenasi moja, Piper. Kava haitafunwi jani. Mzizi wake hupondwa, ukakandwa na kukamuliwa ndani ya maji, kisha maji yale ya rangi ya udongo hunywewa, mara nyingi kwa kifuu cha nazi. Nimeileta hapa kwa sababu mnywaji mpya wa kava huuliza swali lilelile la mjukuu wa Kizimkazi, na majibu yake yamechunguzwa vya kutosha kutufundisha.

Viambato vya kava vinavyofanya kazi huitwa kavalaktoni. Vina tabia ya mafuta na haviyeyuki vizuri majini. Kwa hiyo mzizi uliokandwa ovyo hutoa kinywaji chepesi hata kama ni mwingi, na mzizi uliokandwa kwa nguvu hutoa kinywaji kizito. Aina ya mmea nayo ina neno lake, na tumbo lililoshiba huchelewesha kazi. Halafu kuna matarajio. Kava ikifanya kazi, ulimi hufa ganzi kidogo, misuli hulegea, wasiwasi hupungua, na akili hubaki macho. Mtu aliyeketi akingoja kulewa kama mlevi wa pombe ataamka akisema hakupata kitu, na huku mabega yake yamekwisha kushuka. Wanywaji wengi husema pia kwamba mara chache za mwanzo huwa hafifu kuliko zinazofuata.

Kosa la mnywaji mpya huwa ni kuongeza kifuu cha pili na cha tatu kabla ya nusu saa kupita. Vyote hufika pamoja, na hapo ndipo huja kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Wanaokunywa nyingi kila siku kwa muda mrefu ngozi zao hukauka na kuchanika magamba, na kuna visa vya ini kudhurika vilivyoifanya Ujerumani kuiondoa kava sokoni mwaka 2002, mpaka mahakama ilipotengua uamuzi huo mwaka 2014. Mabishano juu ya ini hayajaisha. Lakini kutokana na kava tunapata maswali ya kuuliza: kiambato ni kipi, kinaingiaje mwilini, huchukua muda gani, na mtu alikuwa akitarajia nini.

Turudi uani kwa bibi. Kiambato kikuu katika popoo ni arekolini, ambayo ni alkaloidi. Alkaloidi ni kundi la kemikali za mimea lenye nikotini ya tumbaku na kafeini ya kahawa pia. Arekolini hufungua vipokezi vilevile ambavyo mwili hutumia kuamrisha mate yatoke, jasho litoke na matumbo yasukume chakula. Ndiyo maana kitu cha kwanza mtafunaji anachopata ni mate mengi. Baadaye huja joto la uso, jasho jembamba, moyo kwenda mbio kidogo na uchangamfu wa kiasi. Kwa kawaida mambo hayo huanza ndani ya dakika chache na kufifia baada ya robo saa au zaidi kidogo. Mjukuu aliyejaa mate alikuwa amekwisha kuipata kazi ya popoo. Hakuihesabu tu, kwa sababu aliyategemea mabadiliko kichwani, si mdomoni.

Sasa chokaa, maana hapa bibi anajua kitu ambacho mkemia naye anakijua. Ikiwa mate yana asidi, alkaloidi hubeba chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hupenya kwa shida katika utando laini wa ndani ya shavu. Chokaa ni besi. Huondoa asidi, chaji ikaondoka, na arekolini ikapenya hadi kwenye damu. Kama kuna tumbaku, nikotini nayo hupita mlango huohuo. Chokaa hiyohiyo hugeuza sehemu ya arekolini kuwa kemikali nyingine, arekaidini, na ikikutana na tanini za popoo ndipo rangi nyekundu hutokea. Kwa hiyo wekundu wa mate ni alama ya kwamba chokaa na popoo vimekutana sawasawa, na mzee anayetazama rangi kabla ya kusema imekolea au haijakolea anasoma kipimo cha kweli.

Jani lenyewe lina mafuta makali, miongoni mwake eujenoli, kiambato kilekile kinachoipa karafuu harufu na uwezo wa kutia ganzi jino. Hilo hutosha kuuficha mdomo usione mengine. Popoo nazo hazilingani. Arekolini kwa kawaida haifiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa kokwa, hutofautiana mti kwa mti, na kuchemsha au kukausha huipunguza. Mtu mmoja anaweza kutafuna leo asione kitu na kesho kichwa kikamzunguka, kwa tambuu mbili zinazofanana machoni.

Mpaka hapa tumejibu swali la kwanza, la kwa nini mtu asisikie kitu. Kiasi kilikuwa kidogo, chokaa haikutosha, popoo ilikuwa dhaifu, au alisikia lakini hakutambua. Imebaki sababu moja, nayo ndiyo ya wazee zaidi kuliko wajukuu: mwili umezoea. Kitu kikigonga vipokezi kila siku, mwili hupunguza mwitikio wake. Asiyezoea moyo humwenda mbio kwa tambuu moja, mzoefu hatetereki. Mvuvi wa Kizimkazi Mkunguni anayesema tambuu ya siku hizi haina nguvu kama ya zamani huenda anasema kweli kuhusu popoo, lakini mara nyingi anasema kweli kuhusu mwili wake.

Ni hapa maana ya pili ya uraibu inapoingia. Mzoefu hupimwa vizuri zaidi siku asiyopata. Asubuhi bila tambuu huja na kichwa kuuma, hasira za karibu, usingizi usiokwisha na hamu inayomtoa mtu nyumbani kabla ya chai. Penye tumbaku hali hiyo ni kali zaidi. Mtu anaweza kuwa anatafuna tambuu kumi kwa siku asione starehe yoyote katika hata moja. Anazitafuna ili awe sawa. Kwa mtu huyo, kusema "hainifanyi kitu" si ushahidi kwamba ni nyepesi.

Swali la pili ni la madhara, na lina saa yake tofauti. Arekolini pamoja na tanini na shaba iliyomo katika popoo huzifanya chembe za ndani ya shavu kutengeneza nyuzi ngumu kupita kiasi, na huzuia nyuzi hizo zisivunjwe. Shavu hukakamaa polepole, likawa jeupe na gumu, na mdomo ukashindwa kufunguka. Hali hiyo haimrudii mtu ilivyokuwa hata akiacha, na ni mojawapo ya njia zinazofikisha kwenye saratani ya mdomo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikwisha kutaja tambuu yenye tumbaku kuwa chanzo cha saratani tangu mwaka 1985. Mwaka 2004 lilichapisha uamuzi wa kwamba popoo peke yake, bila tumbaku hata kidogo, nayo husababisha saratani kwa binadamu. Wapo waliokwisha kuacha tumbaku wakidhani wamemaliza kazi, na uamuzi huo unawahusu wao zaidi.

Tuweke saa hizo mbili pamoja. Hisia ya tambuu huanza dakika chache, hufifia robo saa, na kila mwaka wa mazoea huipunguza. Madhara huanza bila hisia yoyote, na kila mwaka wa mazoea huyaongeza. Kadiri tambuu inavyoonekana haina nguvu, ndivyo inavyoelekea kuwa mtafunaji yuko mbali zaidi katika safari ya pili. Kwa hiyo ushauri wa kuzidisha chokaa, ambao ni sahihi kabisa kikemia, naukataa. Unaitibu hisia, na hisia haikuwa kipimo cha jambo lenyewe. Chokaa ikizidi huunguza utando wa mdomo na kufungua mlango mpana zaidi kwa kila kilichomo. Mjukuu asiyeona kitu yuko mahali pazuri pa kuishia, kwa kuwa hajadai chochote na mwili wake haujamdai. Mwenye pumu ana sababu zaidi, maana arekolini huweza kubana njia za hewa, na mjamzito naye, kwa kuwa popoo imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwa bibi neno ni jingine, na ni la matumaini. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilieleza kwamba kuacha popoo hupunguza hatari ya saratani ya mdomo, hata kwa aliyetafuna miaka mingi. Kwanza ajipime. Aunganishe kidole cha shahada, cha kati na cha pete, avisimamishe wima na kuviingiza kati ya meno ya juu na ya chini, akiwa amefungua mdomo kwa kadiri awezavyo. Vikiingia vyote vitatu ni vizuri. Vikiingia viwili tu, au ikiwa siku hizi mchuzi wa pilipili kidogo tu unamchoma kama moto, au kuna doa jeupe shavuni lisilofutika, aende kwa daktari wa meno na kijaluba chake mkononi, aonyeshe hasa anachotafuna na mara ngapi kwa siku. Mjukuu anaweza kumsindikiza.