FOLENI YA SIMU KATIKA AFISI ZA UMMA: UPANGAJI WAKE NA HAKI YA MPIGAJI

Afisi nyingi siku hizi hupokea simu kwa mtambo unaojiendesha. Mtambo humsalimu mpigaji, humtajia huduma zilizopo, kisha humweka katika foleni hadi karani apatikane. Ifahamike kuwa mtambo haujibu suala la mwananchi. Kazi yake ni kugawa simu. Suala hujibiwa na mtumishi.

Jambo la mwanzo la kuzingatiwa ni gharama. Isipokuwa kwa namba za bure, simu huanza kutozwa pale mtambo unapoipokea, si pale karani anapoanza kuzungumza. Hivyo mkaazi wa Micheweni au Makunduchi anayesubiri dakika 10 huku akipigiwa muziki hukatwa fedha kwa dakika zote hizo, na salio lake huweza kumalizika kabla hajaeleza haja yake.

Jambo la pili ni idadi ya makarani. Hesabu ya foleni za simu iliasisiwa na Agner Krarup Erlang wa Denmark, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, katika maandishi yake ya mwaka 1909 na 1917. Tuseme afisi hupokea simu 30 kwa saa, na kila moja huchukua wastani wa dakika 4. Hiyo ni kazi ya dakika 120, yaani ya makarani 2 wasiopumzika. Lakini simu haziji kwa zamu. Huja pamoja, kisha zikatulia. Kwa hiyo makarani wakiwa 2, foleni huzidi kurefuka. Wakiwa 3, wastani wa kusubiri huwa chini kidogo ya dakika 2. Wakiwa 4, huwa sekunde 20 hivi.

Katika kuupanga mtambo, yafuatayo yazingatiwe:

(a) Salamu iwe fupi, itaje jina la afisi, na huduma zisizidi nne. Huduma itajwe kwanza, namba yake ifuate: "Kwa vyeti vya kuzaliwa, bonyeza 1."

(b) Tarakimu 0 impeleke mpigaji kwa mtu wakati wowote wa saa za kazi.

(c) Foleni iwekewe kikomo. Kikifikiwa, mpigaji aelezwe hivyo na apewe nafasi ya kuacha namba yake ili apigiwe.

(d) Saa za kazi zirekebishwe ndani ya mtambo kila zinapobadilika, kama vile mwezi wa Ramadhani na siku za mapumziko, ili simu isilie katika chumba kilichofungwa.

Aidha, mkuu wa afisi anashauriwa kuipigia afisi yake mara kwa mara kutoka nje, kwa simu yake na kwa fedha zake. Wananchi nao wanaombwa kuweka tayari namba za majalada na vitambulisho vyao kabla ya kupiga, kwani kila dakika inayookolewa ni ya yule anayefuata katika foleni.