Mafuta ya Tumboni Hayakai Kimya

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalichukuliwa kuwa akiba tu: ukila kupita mahitaji yanaongezeka, ukikosa chakula yanatumika. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, wakifanya kazi Boston, Marekani, walichapisha matokeo yaliyotikisa imani hiyo. Ndani ya mafuta ya panya wanene walikuta TNF-alfa kwa wingi, kemikali ambayo mwili huitoa unapopambana na maradhi. Walipoizuia, insulini ya panya wale ikafanya kazi vizuri zaidi.

TNF-alfa ni dalili ya inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili. Inflamesheni tuliyoizoea ni ile ya kuchomwa na mwiba: kidole kinavimba, kinauma, kisha kinapona. Hii ya tumboni haina maumivu wala homa, na inaweza kudumu miaka. Seli za mafuta zinazozunguka utumbo zikijaa mno, oksijeni haizitoshi na nyingine hufa. Makrofaji, seli za kinga zinazosafisha mabaki, humiminika hapo. Mwaka 2003 watafiti wa New York walionyesha kwamba kwa watu wembamba makrofaji hazifiki asilimia 10 ya seli za kwenye mafuta; kwa wanene zilikaribia asilimia 40.

Tatizo ni kwamba zikishafika haziondoki. Zinaendelea kutoa TNF-alfa na kemikali nyingine ya inflamesheni, interleukini-6, na damu ya eneo hilo hupitia moja kwa moja kwenye ini. Ini nalo humwaga sukari na mafuta zaidi kwenye damu. Misuli haiisikii tena insulini sawasawa, mishipa inashindwa kutanuka inavyotakiwa, na presha inapanda. Ndiyo maana matatizo haya huja kwa pamoja, hadi yakapewa jina moja: sindromu ya metaboliki. Mtu mzima huhesabiwa kuwa nayo akiwa na matatu kati ya haya: kiuno kipana (kwa Waafrika, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke), presha kuanzia 130/85, sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) nyingi, na upungufu wa HDL, kolesteroli nzuri. Kwetu kitambi bado husifiwa kuwa dalili ya mtu kutulia, na sifa hiyo inatuumiza.

Je, tukiizima inflamesheni yenyewe? Jaribio la CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017, lilihusisha zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Dawa ya kanakinumabu, inayopunguza inflamesheni, ilipunguza mashambulio mapya, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15, bila kugusa kolesteroli. Lakini haikuzuia kisukari kipya, na vifo vya maambukizi viliongezeka, kwa kuwa kinga iliyozuiwa ni ileile inayotulinda. Kwa hiyo anayeuza chupa ya "kuondoa inflamesheni" anaahidi kile ambacho hata dawa hiyo yenye nguvu haikukiweza.

Kwa upande wa kisukari, kubadili mtindo wa maisha kulifaulu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58, na kipimo cha inflamesheni kwenye damu, CRP, kikashuka pia. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposhindwa.